'Grass' si Nyasi Peke Yake

Kabla hujaendelea kusoma, nijibu swali moja tu: neno 'grass' kwa Kiswahili ni nini?

Najua umekwisha jibu. Kila niliyemuuliza swali hili muhula huu alinijibu papo hapo bila kukuna kichwa. Wa kidato cha kwanza walisema nyasi, wa kidato cha nne walisema nyasi, na jamaa mmoja wa bodaboda pale kituoni akasema, "Si ni manyasi? Kwani nyinyi huko shule mnasomanga nini?" Jibu lao si baya. Lakini ni jibu fupi mno, na kwa maoni yangu ufupi huo unatugharimu. Unatugharimu alama katika karatasi ya Kiswahili, unatugharimu maneno ambayo wazee wetu walituachia, na wakati mwingine, kama nitakavyoeleza, unamgharimu mtu hata ng'ombe wake.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na tumkaribishe mgeni kwanza tumjue vizuri, ndipo turudi kwa wenyeji.

'Grass' ni neno kongwe katika Kiingereza. Wataalamu wa lugha wanatueleza kuwa limechipuka kutoka mzizi mmoja na 'green', yaani rangi ya kijani, na 'grow', yaani kukua. Kwa Waingereza wa kale, basi, nyasi ni kile kitu cha kijani kinachoota. Hapo hatuna ugomvi nao. Kasheshe inaanza pale neno lenyewe linapoanza kutembea.

Ukisoma hadithi za Uingereza utakuta mtu anaitwa 'grass' kwa sababu amewachongea wenzake kwa polisi. Huyo kwetu ni mchongezi, na hapa shuleni ana majina mengine ambayo mhariri hataniruhusu niyaandike. Ukisoma za Marekani utakuta vijana wanavuta 'grass', na hapo maana yake ni bangi. Mtu akistaafishwa, Waingereza husema amepelekwa kwenye 'grass', kama farasi mzee anayeachiliwa malishoni ale hadi siku yake ifike. Wanasiasa nao wana 'grassroots', yaani wananchi wa kawaida kule chini. Na la kuchekesha zaidi ni kwamba 'weed', ambalo ni neno la magugu, nalo mitaani maana yake ni bangi. Yaani malisho na magugu, vitu ambavyo mkulima yeyote hawezi kuvichanganya, mvutaji amevisokota katika karatasi moja akaviwasha!

Sasa mwanafunzi wa Kenya ambaye kichwani mwake 'grass' ni nyasi na nyasi ni 'grass' atafanya nini akikutana na maana hizi? Nimesikia kwa masikio yangu mwenzetu akifasiri darasani kwamba mwizi "aliwekewa nyasi na rafiki yake". Tulicheka hadi mwalimu akagonga meza. Lakini aliyefasiri hivyo hakuwa mjinga. Alikuwa amezoea kuamini kuwa kila neno la Kiingereza lina pacha wake mmoja wa Kiswahili, na akamwita pacha huyo aje kazini.

Tukiingia katika somo la Biolojia, mambo yanazidi kupanuka. Huko tumefundishwa kuwa nyasi ni familia nzima ya mimea, yenye aina zaidi ya 10,000 duniani. Alama zake ni jani refu jembamba lenye mishipa inayokwenda sambamba, shina lenye vifundo, na mizizi mingi myembamba kama nyuzi. Ndani ya familia hiyo wamo mahindi, mtama, wimbi, ngano, mpunga, muwa na hata mwanzi. Hebu tafakari hayo kidogo. Uji wa asubuhi, ugali wa kila siku, chapati za Krismasi na sukari ya chai, vyote vimetoka katika ukoo wa nyasi. Huku kwetu magharibi mwa Kenya, ambako miwa imezunguka vijiji hadi nyuma ya majiko, tunaishi ndani ya nyasi na wala hatuna habari.

Lakini jaribu kumwambia mama yangu kwamba amekupikia nyasi, kisha uone kama utapata chakula siku hiyo. Kwake yeye mahindi ni mahindi, na yuko sawa kabisa. Lugha ya jikoni haigawi vitu kama lugha ya maabara, na hakuna moja kati ya hizo iliyo ya uongo. Hilo ndilo jambo ninalotaka tulishike. Kila lugha ina njia yake ya kugawa vitu vya dunia. Aliyekaa ndani ya lugha moja tu akidhani kuwa migao yake ndiyo migao ya Mungu, anajidanganya.

Sasa turudi nyumbani. Je, Kiswahili kimezigawaje nyasi? Ukichunguza utaona kwamba mara nyingi Kiswahili hakiulizi tu kitu hiki kinafanana na nini. Huuliza pia kinaota wapi, na kinatufaa au kinatusumbua vipi.

Nyasi ndilo neno pana. Moja yake ni unyasi, katika ngeli ya U-ZI: unyasi huu umekauka, nyasi hizi zimekauka. Lile 'manyasi' la kituo cha bodaboda ni wingi uliovalishwa wingi mwingine, kama mtu aliyevaa makoti mawili juani. Ukoka ni zile nyasi fupi zinazotambaa ardhini. Mahali mifugo inapokula, pamoja na kile inachokula, tunaita malisho. Ndago ni ile yenye vinundu chini ya ardhi, ambayo ukiing'oa leo, kesho imerudi kukusalimu. Wataalamu wanasema ndago si nyasi hasa bali ni jamaa wa jirani, lakini mwenye jembe mkononi hana wakati wa nasaba hizo. Chochote kinachoota pasipotakiwa ni magugu au kwekwe, hata kiwe kizuri namna gani. Matete ni yale marefu ya kando ya mito. Nepia tunayowakatia ng'ombe, wengine huiita mabingobingo. Nchi pana iliyojaa nyasi ni mbuga. Na ile ambayo Waingereza huiita nyasi ya limau, sisi tunaiita mchaichai. Wao walinusa wakakumbuka limau. Sisi tuliitia kwenye sufuria ya chai tukaipa jina la kazi yake.

Hata vitenzi vinatusaidia. Uwanja hufyekwa, shamba hupaliliwa, magugu hung'olewa, nepia hukatwa, paa huezekwa. Mwanafunzi aliyechelewa asubuhi akipewa fyekeo badala ya jembe, bila kuambiwa neno jingine anajua ni nyasi gani zinazomngoja kule nyuma ya vyoo.

Pengine unasema moyoni, "Haya ni mambo ya kamusi, yananihusu nini?" Wacha nikueleze kisa cha jirani yetu. Mwaka juzi, baada ya kiangazi kirefu, alimwajiri kijana aliyetoka mjini amsaidie kazi za nyumbani. Siku moja akiwa na haraka ya kwenda sokoni alimwambia, "Leta manyasi, uwape ng'ombe." Basi. Kijana akachukua panga, akaenda hadi nyuma ya boma, akaona kitu cha kijani, kirefu, chenye majani membamba. Akakata mzigo mzuri, akaubwaga horini. Kumbe ulikuwa mtama uliochipuka upya baada ya kukatwa, mvua ya kwanza ilipogusa ardhi. Mtama mchanga wa namna hiyo huwa na sumu ya sianidi, na ng'ombe mwenye njaa hana subira. Jirani aliporudi jioni, ng'ombe wake wa pekee wa maziwa alikuwa amelala chini, na daktari wa mifugo alifika akakuta kazi imekwisha.

Kijiji kizima kilimlaumu yule kijana. Ati ni mvivu, ati watu wa mjini hawajui kitu. Mimi nilijiuliza swali tofauti: aliambiwa nini? Aliambiwa alete manyasi, na kwa kweli alileta nyasi, maana hata mwalimu wa Biolojia atakubali kuwa mtama ni wa ukoo huo. Laiti angeambiwa akate nepia ya kule mtaroni na asiguse machipukizi ya mtama, pengine watoto wa jirani yetu wangekuwa wakinywa maziwa hadi leo. Nyanya yangu hamtumi mtu nyasi hivi hivi. Hutaja jina lake, hutaja mahali inapoota, kisha huongeza ni ipi ya kuepuka. Tulidhani ni maneno mengi ya uzee. Kumbe ni elimu.

Tuje sasa kwenye neno majani, maana hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoumizwa. Mwenzetu mmoja alilelewa upande wa Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Katika shule aliyosoma kabla ya kujiunga nasi, aliandika kwenye insha kwamba ng'ombe "walikuwa wakila majani kando ya barabara". Karatasi ilirudi na mstari mwekundu, na pembeni kumeandikwa kuwa ng'ombe hali majani ya mti, anakula nyasi. Alama ikaenda. Tangu siku hiyo, anasema, ng'ombe hawaingii tena katika insha zake. Akitaka kueleza shamba anaweka kuku.

Nawaheshimu sana walimu wetu, na mkono unaosahihisha karatasi mia mbili usiku hauwezi kukosa kuchoka. Lakini kwa hili natofautiana nao. Nchini Tanzania mtu akisema ng'ombe wanakula majani, hakuna anayegeuza shingo. Ni neno la kila siku. Wala si uzushi wa juzi. Kamusi ya Frederick Johnson iliyochapishwa mwaka 1939 inalieleza jani kuwa la mti na pia la nyasi. Hebu chukua unyasi mmoja mkononi uutazame. Ule upande mwembamba mrefu unaokata vidole unapokata nepia alfajiri, unauitaje kama si jani? Nyasi ni mmea, jani ni sehemu yake, na ng'ombe anapokula nyasi, anachotafuna hasa ni majani yake. Maneno haya mawili hayana vita. Sisi ndio tumeyagombanisha.

Isitoshe, jani ni mama wa familia kubwa. Ndilo lililotupa majani ya chai, na ndilo lililotupa jina la rangi ya kijani, ambayo wengine huiita chanikiwiti. Nilisema hapo juu kuwa 'grass' na 'green' ni ndugu. Basi tazama ajabu hii: Kiingereza na Kiswahili, lugha zilizozaliwa mbali kama mashariki na magharibi, kila moja kwa wakati wake ilitazama mimea ya ardhini na kupata humo jina la rangi. Anayemnyima mwanafunzi alama kwa neno majani, anakata mti ambao yeye mwenyewe anakula matunda yake.

Kuna jambo jingine la haki hapa. Mimi ni Mluhya. Katika lahaja kadhaa za Kiluhya nyasi ni obunyasi, na mtu hahitaji shahada ya chuo kikuu kuona kuwa obunyasi na nyasi ni mtu na nduguye. Neno hili nililipata bure kwa mama yangu. Mwenzangu Mkikuyu anasema nyeki, na mwenzangu Mjaluo anasema lum, nao ilibidi wajifunze. Yule wa Taveta alikuja na majani, neno halali la Kiswahili, akaambiwa amekosea. Je, ni haki mimi nipate alama kwa sababu ya mahali nilipozaliwa, na yeye aipoteze kwa sababu hiyo hiyo?

Najua kuna watakaosema kwamba mtihani unahitaji jibu moja, ama sivyo kila mtu ataandika anavyotaka. Hoja hiyo ina uzito na siipuuzi. Bila kipimo hakuna mtihani. Mimi siombi milango yote ifunguliwe. Aliyeandika 'manyasi' asahihishwe, kwa sababu amevunja ngeli. Aliyeandika 'nyasi mrefu' asahihishwe, kwa sababu amevunja upatanisho. Lakini kosa liwe kosa kwa kuvunja kanuni ya lugha, lisiwe kosa kwa kuwa ni mazoea ya upande wa pili wa mpaka. Kiswahili hakikuishia Namanga.

Tatizo hili la pacha mmoja halipo katika nomino tu. Limeingia hadi katika misemo. Siku hizi utamsikia mtu mzima redioni akisema "nyasi ni za kijani zaidi upande wa pili", akidhani amesema Kiswahili fasaha. Hayo ni maneno ya Kiswahili yaliyovaa suti ya Kiingereza. Wahenga wetu walikwisha kutuonya kuhusu tamaa ya vya wenzetu waliposema usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako uliochakaa ni wako, na ule mpya unaopita una mwenyewe. Vilevile nimesikia "nyoka ndani ya nyasi" likitumiwa kwa rafiki mnafiki. Jameni, kikulacho ki nguoni mwako kilienda wapi? Methali yetu hata ina ukali zaidi, maana adui wa Kiingereza yuko nje malishoni, na wa Kiswahili yuko ndani ya shati lako.

Mahali ambapo tumefanya vizuri ni katika 'grassroots'. Neno hili lilishika kasi katika siasa za Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Nani angetulaumu kama tungelileta kwetu kama 'mizizi ya nyasi'? Lakini hatukufanya hivyo. Tulisema mashinani. Mwingereza alipomtafuta mwananchi wa chini aliona nyasi. Mswahili aliona mti, akaenda kwenye shina lake. Picha hiyo imekaa vizuri kwa sababu ina ndugu zake tayari. Vyama vyetu vina matawi, na nchini Tanzania chama cha CCM huanzia shina, kikaenda tawi, kata, wilaya na mkoa hadi taifa. Hapo Kiswahili hakikumwiga mtu. Kiliulizwa maana, kikatoa maana kwa njia yake, na leo hata mzee asiyejua kusoma anaelewa kiongozi akisema atateremka mashinani. Kama tuliweza kwa neno hilo, kwa nini tusiweze kwa mengine?

Na mtu asifikiri kwamba maneno husafiri kutoka Ulaya kuja kwetu tu. Kuna nyasi moja inayotambaa ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Waingereza waliipa jina la kabila la Wakikuyu, na jina hilo likaenda nayo Australia na Afrika Kusini. Leo huko Australia mkulima akisema amepanda 'kikuyu', hazungumzii mtu wala lugha. Anazungumzia nyasi zake. Wanazitumia kwa malisho na kwa viwanja vya nyumba zao. Lakini huko Marekani serikali ya shirikisho imeiweka nyasi hiyo hiyo katika orodha ya magugu hatari. Nyasi ni ile ile, majani ni yale yale. Kwetu ni malisho, kule ni kwekwe. Na hapa hapa Kenya, kwa Wamaasai, nyasi zikishikwa mkononi ni ishara ya amani na baraka, kwa sababu pasipo nyasi hakuna ng'ombe na pasipo ng'ombe hakuna maisha. Linganisha hilo na yule 'grass' wa Uingereza anayewauza wenzake polisi. Je, unaweza kweli kuniambia kwamba haya yote ni neno moja lenye tafsiri moja?

Kwa hivyo, ndugu zangu wanafunzi na walimu wetu wapendwa, sitaki kulalamika tu kama chura kisimani. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wanafunzi wenzangu. Tuache kufikiri kwa Kiingereza kwanza, kisha kutafuta neno la Kiswahili la kulibandika juu. Ukitaka kuandika kuhusu nyasi, zione kwanza. Jiulize: zinaliwa, zinafyekwa, zinaezekewa au zinang'olewa? Ukijibu hilo, neno litakuja lenyewe. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wenzetu wa bweni hawana. Wengi wetu tunakata nepia kabla ya kuvaa sare, na jioni tunapitia kwa nyanya kabla ya kufika nyumbani. Tumuulize majina. Kila nyasi aliyo na jina lake na sisi hatulijui ni hasara ambayo hakuna mtihani utakaotuambia tumeipata.

La pili ni kwa walimu wetu wa Kiswahili. Mkikuta majani mahali mlipotarajia nyasi, naomba kalamu nyekundu ipumzike kidogo. Pengine mwandishi ametoka mahali ambapo neno hilo linaishi. Kama mnataka atumie nyasi kwa sababu ya mtihani wa taifa, mwambieni hivyo bila kumwambia kwamba amekosea. Tofauti ni kubwa. Wa kwanza atajifunza neno la pili, na wa pili ataanza kuandika habari za kuku.

La tatu ni kwa uongozi wa shule. Mbele ya jengo la ofisi pana kibao kilichoandikwa 'Keep off the grass', basi, bila neno jingine. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, inasema lugha ya taifa ni Kiswahili, na lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza. Tunaomba kibao hicho nacho kisome Katiba. Chama cha Kiswahili kiko tayari kununua rangi. Najua wanachama watabishana siku nzima kama tuandike nyasi, majani au ukoka, na mimi nitakuwa wa kwanza kubishana. Kura yangu ni "Tafadhali usikanyage nyasi", kwa kuwa ndilo neno pana na kila mpita njia wa hapa atalielewa. Lakini atakayepigia majani kura sitamcheka, na akishinda nitashika brashi nimsaidie.

Jambo moja la mwisho kutoka Biolojia. Mimea mingi hukua kutoka ncha za juu, na ukizikata unaurudisha mmea nyuma. Nyasi ni tofauti. Sehemu zake za kukua ziko chini, karibu na ardhi. Ndiyo maana ng'ombe hula, fyekeo hupita, wanafunzi hukanyaga, na mvua ikinyesha huota tena. Naamini Kiswahili chetu kiko hivyo. Kikifyekwa juu katika vyeo na maofisi, bado kina uhai kule chini, sokoni, mashambani na kwenye vituo vya bodaboda. Kazi yetu sisi tulio shuleni ni kutong'oa mizizi tukidhani tunapalilia.

Aliye na maoni tofauti asininong'onee kwenye foleni ya chakula. Chama hukutana Ijumaa saa kumi alasiri katika darasa la 3 Mashariki. Aje na hoja zake, nami nitakuja na zangu.